Usukani wa Mpingo

Jumanne, mwezi wa Julai, saa mbili kasoro dakika chache usiku. Baridi.

Manyunyu yalianza asubuhi na hadi sasa hayajaamua kama ni mvua au ni ukungu tu. Nimeketi kitandani, mito mitatu mgongoni, kwa sababu nikilala chali maji yaliyo kifuani yananipanda kooni. Wiki iliyopita daktari aliniambia nile chochote roho ipendacho. Mtu wa miaka themanini na mmoja akiambiwa hivyo na daktari, hahitaji kuuliza swali la pili.

Tangu mjukuu wangu anifungulie blogu hii nimekuwa nikilalamikia mitaro ya Kaloleni na sarufi ya watangazaji wa redio. Leo nina jambo jingine. Nimelikalia zaidi ya miaka thelathini, na leo alasiri nimelisema.

Nilimharibia mtu mkono. Mtu huyo ndiye pekee anayebisha mlango wangu kila siku.

Anaitwa Mutiso. Anakaa nyumba ya nne kutoka hapa. Tulikuja Nairobi tukiwa vijana, kutoka Ukambani, yeye kuchonga vinyago na mimi kufanya kazi ya ukarani katika reli. Wenzetu wote wa rika letu wamekwisha kuzikwa. Kila siku saa kumi huja na gazeti kwapani, huvuta kiti, nami humsomea. Nduku, mke wa mwanangu, hutuletea chai na kusema tunafanana na mtu na mkewe waliochokana lakini hawana mahali pengine pa kwenda.

Hilo ndilo lililonifunga mdomo kwa miaka hii ya mwisho. Nikisema, saa kumi itapita na hakuna atakayebisha.

Lakini nilitaka kusema. Na hapa niwe mkweli, maana muda wa kuwa kitu kingine sina. Sikutaka kusema kwa sababu ya toba. Nilitaka ajue. Kisasi asichokijua aliyelipizwa ni kama barua iliyoandikwa vizuri, ikafungwa, kisha ikabaki mezani bila stempu. Sikuwa tayari kuzikwa na barua hiyo mfukoni.

Mutiso alinichonga.

Alichonga mtu mdogo wa mpingo, kimo cha shubiri moja, ameinamia meza, mgongo umepinda, penseli iko nyuma ya sikio. Masikio yenyewe yalikuwa makubwa kuliko meza. Sanamu hiyo aliiita "Karani." Watalii waliipenda mno. Alichonga nyingine, na nyingine, na wachongaji wengine wakaiga. Ikafika wakati nikipita mbele ya dirisha la duka la vinyago pale mjini, najiona nimepangwa safu mbili, mimi na mimi na mimi, tukingoja kufungwa kwenye magazeti na kupelekwa Ulaya.

Mkubwa wangu ofisini alinunua moja akaiweka juu ya meza yake. Kila nilipoingia na faili, aliitazama kwanza, kisha akanitazama mimi. Mwanangu Muthama alirudi kutoka shuleni na shati lililochanika kwa sababu wenzake walimwita mtoto wa Masikio. Hata marehemu mke wangu, Ndinda, alinitetea siku mbili tu. Siku ya tatu akasema, "Lakini baba Muthama, masikio amepatia," akacheka mpaka akakaa chini.

Sikuwahi kumuuliza Mutiso kwa nini. Mtu akikuchonga, ukienda kumuuliza, umekubali kwamba ni wewe.

Nikangoja. Mimi ni mtu wa kungoja. Reli ilinifundisha.

Nafasi yangu ilikuja juu ya mkokoteni. Mzungu mmoja mhandisi, ambaye Mutiso alikuwa amemchongea milango ya nyumba yake, alistaafu akarudi kwao, na kwa kuwa hakuwa na jinsi ya kuibeba, alimwachia Mutiso mashua yake ndogo ya tanga. Ilikuwa kuukuu. Ilikuwa imelala chini ya turubai miaka mingi, rangi imebanduka, mbao za pembeni zimefunguka kidogo. Vijana wa mkokoteni waliivuta kutoka upande wa pili wa mji hadi hapa Kaloleni, wakaiweka kwenye nyasi katikati ya nyumba zetu. Kuku wa mama mmoja wakaanza kutagia ndani. Watu wakamwita Mutiso Nuhu.

Mashua ilikuja bila usukani. Ulikuwa umepotea zamani, hakuna aliyejua wapi. Zilibaki pete mbili tu za chuma nyuma yake, mahali ulipotundikwa.

"Usukani nitachonga mwenyewe," Mutiso akasema. "Hicho ni kipande cha mti tu. Nimechonga twiga elfu ngapi?"

Kisha akanijia mimi.

Hebu fikiria. Mtu aliyeniuza kwa Wazungu kwa dazeni alikuja mlangoni mwangu akitabasamu, akasema, "Karani, wewe ndiye uliyesoma. Nitafutie kitabu cha mambo ya mashua, unisomee kinasema nini kuhusu usukani."

Nilikipata katika maktaba mjini. Kilikuwa cha Kiingereza, kimechorwa picha vizuri. Jioni tatu mfululizo niliketi naye kwenye benchi lake la kazi, nikimsomea na kutafsiri. Vipimo vya upana, vipimo vya urefu, jinsi ya kuunga mbao. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza wosia. Tulipofika kwenye sura ya nini cha kufanya usukani ukipotea majini, namna ya kushusha tanga, namna ya kutumia kasia au ubao badala yake, alicheka, akapunga mkono.

"Hiyo ruka. Usukani wangu hautapotea."

Kwa hiyo ni yeye aliyenifundisha kuruka.

Katika ukurasa uliofuata palikuwa na mstari mmoja. Ulisema kwamba usukani utengenezwe kwa mti mwepesi unaoelea, na ufungwe kwa kamba fupi kwenye mashua, ili ukichomoka usizame. Niliuona kabla sijaufikia. Mutiso alikuwa amekwisha kuniambia mti atakaoutumia. Alikuwa na mbao mbili za mpingo alizozitunza miaka saba chini ya kitanda, pana kuliko mpingo wowote niliowahi kuuona, akingoja kazi inayozistahili. Kwa mchongaji hakuna mti ulio juu ya mpingo. Usukani ni kichwa cha mashua, akasema, na kichwa hakifanyiwi kwa takataka.

Nyinyi mtasema, mchongaji gani asiyejua mpingo ni mzito? Alijua ni mzito. Lakini Mutiso alizaliwa mahali ambapo mto ni mchanga miezi tisa, na maji aliyoyajua ni ya mtungi. Kwake yeye mti unaelea, jiwe linazama, na dunia imekwisha. Hakuwahi kutia mpingo majini. Nani angetupa mpingo majini?

Niliruka mstari huo.

Sauti yangu haikutetemeka. Niliendelea na mstari uliofuata, uliohusu msasa.

Wala sikufanya hivyo bila kuhakikisha. Kabla ya kuondoka niliokota kipande cha mpingo chini ya benchi lake, nikaenda nacho nyumbani, nikakitia kwenye beseni la maji. Kilikwenda chini moja kwa moja, kikagonga bati. Ndinda akauliza ninafanya nini. Nikamwambia ninakiosha.

Usiku huo nilifungua kamusi, nikaona kwamba huko pwani usukani wa mashua huitwa pia shikio. Nililala nikicheka. Yeye alinichukulia sikio. Mimi nitamchukulia shikio.

Usukani alioutengeneza ulikuwa mzuri. Siwezi kumnyima hilo. Aliuchonga magamba ya samaki kutoka juu hadi chini, akausugua mpaka ukawa kama kioo cha usiku. Vyuma vya kuutundikia vilitengenezwa na mdogo wake, Kioko, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Industrial Area. Kioko alikuwa mtu mpole, mwenye makovu ya cheche kwenye mikono, anayesema kidogo. Alitengeneza ndoano mbili nene zikaingia kwenye zile pete mbili kama mkono ndani ya glavu. Akamuuliza kaka yake, "Hakuna kitu cha kuuzuia usipande juu?" Mutiso akanigeukia mimi.

"Kitabu kimesema kuna kitu, Karani?"

"Kitabu hakikusema," nikajibu.

Kitabu kilikuwa kimetaja ile kamba. Hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza mtu anaweza kusema aliteleza.

Jumamosi moja mchana tulikwenda bwawani, upande wa pili wa mji, mtaa mzima, juu ya lori, na kwaya ya kanisa ikiimba. Mutiso alivaa koti jeupe. Yeye na Kioko wakaingia mashuani. Tanga lilijaa, na kwa kitambo, lazima niseme, ilipendeza. Ile mashua ya kuku ilikwenda kama kitu kilichozaliwa majini, na Mutiso amekaa nyuma, mkono kwenye usukani wake, kidevu juu.

Walipofika karibu na katikati wakapita juu ya tuta la matope lililojificha. Kutoka ukingoni tuliona mashua ikishtuka mara moja tu. Usukani ukainuka, ukachomoka kutoka kwenye pete, ukapinduka. Jua liliyapiga yale magamba.

Kisha haukuwapo.

Mutiso aliinama nyuma ya mashua. Hakupiga kelele. Aliinama akatazama maji, akingoja usukani uibuke. Alingoja kama mtu anayengoja mwenzake aliyepiga mbizi. Mashua ilikuwa imeanza kuzunguka, tanga linapigapiga, watu ukingoni wanapaza sauti, naye bado ameinama, anangoja mti uelee.

Nimeiona picha hiyo kila siku ya maisha yangu tangu hapo. Niwe mkweli tena. Kwa miaka mingi niliiona kwa furaha.

Upepo uligeuza tanga kwa ghafla. Kamba yake ilikuwa imelala karibu na mkono wa Mutiso wa kulia, ikajizungusha kwenye vidole vyake na kukazwa. Sauti aliyoitoa ilifika ukingoni. Kioko ndiye aliyemwokoa. Alikata kamba kwa kisu, akashusha tanga, akang'oa ubao wa kukalia, akautia majini nyuma ya mashua na kuutumia kama usukani mpaka akawafikisha kwenye matete. Alifanya yote yaliyokuwa katika sura ile tuliyoiruka, na hakuwahi kukiona kitabu.

Vidole viwili vya Mutiso vilivunjika vibaya, vikapona vimepinda. Havikushika tezo tena. Sanamu za Karani zikapungua madukani, zikaisha. Mchongaji aliyejulikana mji mzima akawa mlinzi wa ghala, tochi mkono wa kushoto.

Nilitaka aaibike. Sikutaka vidole. Nimeandika hilo kwa kuwa ni kweli, lakini pia ni kweli kwamba niliposikia kuhusu vidole sikuomba virudi.

Alimlaumu Kioko. Nilikuwapo hospitalini, nimesimama na mfuko wa machungwa.

"Ni vyuma vyako, Kioko," Mutiso akasema kutoka kitandani.

"Ndoano zimezama na usukani, kaka, lakini pete hizi hapa. Nimezitoa kwenye mashua. Zimepinda? Tazama."

"Sitazami. Umenimaliza."

Kioko alizishika zile pete mkononi, akanitazama mimi, kana kwamba mimi, mtu wa vitabu, ningeweza kusema neno. Nilimenya chungwa. Nikampa Mutiso.

Kioko alihama, akaenda kukaa Dandora. Ndugu hawa wawili hawajasemezana tangu hapo. Walipomzika mama yao kule nyumbani, mmoja alisimama kichwani pa kaburi na mwingine miguuni. Nilikuwapo siku hiyo pia, nikasoma historia ya marehemu. Niliisoma yote.

Sasa, leo.

Mutiso amekuja saa kumi kamili, kofia imelowa. Hubisha, kisha huuliza akiwa bado mlangoni.

"Umekufa?"

"Bado."

"Haya, soma."

Nikaanza kusoma habari ya wakazi wanaohamishwa kutoka nyumba za zamani. Pumzi ilikuwa fupi leo. Katikati ya aya nikakohoa, na nilipoanza tena macho yakashika mahali pengine.

"Umeruka," Mutiso akasema.

"Umejuaje?"

"Sentensi imelegea. Mlango ukikosa bawaba moja si unajua?"

Nikaliweka gazeti magotini. Sikuwa nimepanga iwe leo. Lakini mdomo ulifunguka wenyewe, nikamwambia kwamba hiyo haikuwa mara yangu ya kwanza.

Nikamwambia kila kitu. Kitabu, mstari, beseni. Kamba fupi ambayo ingeushika usukani. Swali la Kioko na jibu langu. Nilisema polepole, na wala sikujificha nyuma ya kikohozi. Nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo kuona uso wake wakati huo, uso wa mtu anayegundua kwamba alishindwa zamani na aliyemshinda amekaa mbele yake.

Alikuwa akitazama ukuta.

"Vyuma vya Kioko," akasema.

"Vilikuwa vizuri."

"Vizuri namna gani?"

"Vizuri, Mutiso. Ungetundikia ng'ombe."

Kisha akauliza tena, kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo si vyuma?" Nikamwambia si vyuma. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alitaja jina la ndugu yake, mara mbili, kama mtu anayelijaribu baada ya kutolitumia.

Nilikasirika. Hapo ndipo nilipo, wasomaji, mniangalie vizuri. Nimemaliza kumwambia mtu kwamba ni mimi niliyemvunja, na yeye hata hanioni. Amenivuka kama kizingiti, anaangalia mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu. Hata hili ataninyima?

"Huniulizi kwa nini?" nikasema. "Ile sanamu yako, Mutiso. Yale masikio. Huniulizi?"

Akageuka. Ndiyo mara ya kwanza aliponitazama.

"Nikuulize nini, na najua? Wewe ndiye hujui. Ulifikiri nilichonga masikio makubwa kwa kuwa unayo makubwa?"

"Kwa nini basi?"

"Utukufu," akasema.

Nilidhani anaomba.

"Mwaka wetu wa kwanza hapa," akaendelea. "Kanisani. Nilipewa somo nisome mbele ya watu. Mama alikuwa amekuja kutoka nyumbani, amelala kwenye basi, aje aone mtoto wake akisoma. Katika ukoo wetu mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kushika kitabu. Nikasema utukutu wa Bwana. Si nilikuwa natetemeka? Na wewe, kutoka benchi la tano, kwa ile sauti yako ya ofisini, ukasema, Utukufu. Nikarudia, nikakosea tena. Ukasema tena, Utukufu. Watu wakacheka."

Nikaanza kulikunja gazeti.

"Mama hakujua kusoma. Hakujua nimekosea wapi. Tulipokuwa tunarudi aliniuliza, Mutiso, umewafanya nini wale watu?"

Alisimama, akavaa kofia yake iliyolowa.

"Mtu anayesikia kosa kutoka benchi la tano ana masikio ya namna gani, Karani? Nilichonga nilichokiona."

"Ungeniambia," nikasema.

"Na wewe ungeniambia." Akafika mlangoni, akasimama bila kugeuka. "Nilifika darasa la saba. Kusoma najua. Kile kitabu chako kingekuwa cha Kiswahili ningekisoma mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa. Tangu siku ile sijasoma mbele ya mtu, hata bei ya unga. Ndiyo maana nimekaa kwenye kiti hiki."

Akaenda. Hakusema tuonane.

Nimejaribu kukataa. Nimejiambia ni uongo, amelitunga hapo hapo ili naye asiondoke mikono mitupu. Lakini nalikumbuka neno lile. Nakumbuka nilivyojisikia baada ya kulisema: nadhifu, kama mtu aliyenyoosha kitambaa cha meza. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimetoka shule nzuri, na nilidhani nimeisaidia ibada. Sikulikumbuka tena hadi leo saa kumi na moja.

Yeye hakulisahau hata siku moja, nami sikusahau masikio. Wazee wawili tumekaa kiti kwa kitanda, kila mmoja ameficha kisu chake chini ya gazeti lile lile.

Nduku aliingia na chai, akakuta kiti kitupu.

"Baba, umemfanya nini mzee wa watu? Amenipita hapo nje hajanisalimia, na anatembea kama anafukuzwa."

Nikamweleza kwa ufupi. Akaweka chai chini, akakaa pembeni ya kitanda. Nduku anauza nguo Eastleigh, husikia maneno ya kila aina mchana kutwa, si rahisi kumshtua.

"Haki Baba," akasema hatimaye, "nyinyi wazee mnakaa na vitu. Sisi tungeblokiana kwa simu, ikaisha."

Nikacheka, na kicheko kikanigeukia kikohozi, akanishika mgongo hadi kikapita.

Saa kumi na mbili binti wa Mutiso alipiga simu. Baba yake amerudi, amebadilisha nguo, amevaa koti la kanisani, ametoka tena. Amesema anakwenda Dandora. Ana miaka themanini, mvua inanyesha, na hajawahi kufika nyumbani kwa Kioko. Binti ameogopa. Nduku akamwambia amfuate. Mimi nikabaki nikisikiliza mvua kwenye mabati ya jikoni.

Je, niliyoyangoja miaka thelathini ndiyo haya? Barua imefika. Imefunguliwa na mtu mwingine.

Mimi na Mutiso tulikuwa na vita vyetu. Leo, nikiwa peke yangu na chai iliyopoa, naona mtu mmoja ambaye hakumcheka mtu kanisani, hakumchonga mtu, hakuruka mstari wowote. Alitengeneza ndoano mbili nzuri za chuma, akauliza swali moja la maana, akamtoa ndugu yake majini. Akapoteza ndugu, mtaa, na nafasi ya kusimama kando ya kaka yake kaburini pa mama yao. Na mimi niliyemtazama akiwa ameshika zile pete nilimenya chungwa.

Sikuwa nimewahi kumfikiria Kioko kama mtu niliyemkosea. Alikuwa tu kitu kilichovunjika karibu na nilichokilenga.

Bado nina hasira na Mutiso. Nisidanganye eti mkono wa Mungu umenigusa jioni hii. Mke wangu alicheka. Mwanangu alichaniwa shati. Yale masikio yako kwenye rafu za watu nisiowajua, na yatakuwapo nikiwa udongo. Nikiulizwa huko niendako ni nani aliyeanza, nitasema ni yeye. Halafu nitaulizwa mara ya pili.

Saa moja na nusu simu ya Nduku ikalia tena. Akasikiliza, akanitazama, akaiweka karibu nami na kufungua sauti. Nyuma palikuwa na kelele za nyumba ya watu wengi, sufuria, mtu mzima analia bila kujizuia. Nadhani ni Mutiso. Kisha sauti kavu ya mzee ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya yale machungwa.

"Karani yuko hai?"

"Yuko, mzee," Nduku akasema. "Anakusikia."

"Mwambie asife. Nakuja kesho asubuhi."

"Sawa, mzee. Tukuandalie nini?"

"Hakuna. Akae tayari tu. Nataka nimkute na masikio yake yote mawili."

Akakata.

Nduku aliniuliza kama amwite Muthama arudi kutoka safarini, ama amwombe mchungaji awepo. Nimekataa. Sitaki mtu wa kusimama katikati. Nimemwambia tu kesho asinipe ile dawa ya asubuhi inayonilaza, hata kifua kikiuma, ili Kioko akisema nisikose hata neno moja.

Sijui atakuja na ngumi au na maneno. Vyovyote vile, yangu nimeyamaliza leo.

Kesho ni ya Kioko.